Elizabeth Fry, Mdhamini wa Wanawake wa Newgate

Wanachuo wenzangu, kila tarehe 9 Desemba tukiadhimisha Uhuru, Rais hutoa msamaha kwa wafungwa. Taarifa ya habari ya usiku inatutajia idadi, tunaona watu wakitoka getini na vifurushi vyao, wengine wanalia, wengine wanapiga magoti kushukuru, halafu yanafuata michezo. Habari za tarehe 10 Desemba hatuletewi. Yule aliyetoka jana kalala wapi? Nani kampa kibarua?

Nauliza hivyo kwa sababu nchi yetu inaendeshwa kwa wadhamini, na sisi wa chuo tunalijua hilo kuliko wengi. Ukiomba mkopo wa elimu ya juu, fomu inadai mdhamini. Ukimaliza ukaanza kuhangaika na ajira, tangazo linakwambia weka majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Hata ukitaka kuuza duka la mtu au kulinda geti, unaambiwa lete barua ya serikali ya mtaa na watu wa kukusimamia. Sasa jamani, mtu katoka gerezani juzi. Mjumbe anamkwepa, shemeji kamfungia mlango, rafiki zake wa zamani ndio hao hao waliomponza. Atamwandika nani?

Nilikuwa natafuta habari za elimu ya watu wazima kwa ajili ya somo moja hapa kitivoni kwetu, nikakutana na maisha ya mwanamke mmoja wa Uingereza aliyeng'ang'ana na swali hili zaidi ya miaka 200 iliyopita. Wengi wanamtaja kama mtu aliyeboresha magereza, na ni kweli. Lakini kadiri nilivyozidi kumsoma niliona kazi yake kubwa ilikuwa kuwadhamini watu ambao hakuna aliyetaka kuweka sahihi kwa ajili yao. Naomba niwasimulie.

Elizabeth Gurney alizaliwa 21 Mei 1780 katika mji wa Norwich, mashariki mwa Uingereza. Kwao hawakuwa watu wa kubahatisha mlo. Baba yake alikuwa kwenye biashara ya sufu na benki, na walikaa kwenye jumba kubwa lililoitwa Earlham. Mama yake alifariki Elizabeth akiwa na miaka 12 tu, akaacha watoto kundi zima. Familia ilikuwa ya Quaker, dhehebu la Kikristo ambalo jirani zetu wa magharibi mwa Kenya wanalijua kama Friends. Quaker wa enzi zile walivaa nguo zisizo na mapambo, waliabudu kimya kimya, na waliruhusu wanawake wahubiri, jambo ambalo makanisa mengi hayakutaka hata kulisikia. Elizabeth mwenyewe ujanani hakuwa mtu wa kujinyima. Inasimuliwa kwamba alikwenda ibadani amevaa viatu vya zambarau vyenye kamba nyekundu. Yaani binti wa kisasa kabisa.

Mwaka 1798 alimsikiliza mhubiri wa Quaker kutoka Marekani, William Savery, na kitu kikabadilika ndani yake. Alianza kuwakusanya nyumbani watoto wa maskini wa jirani, akiwafundisha kusoma. Walianza wachache, baadaye wakawa makumi. Alikuwa na umri wa mwanachuo wa mwaka wa kwanza, hana cheti cha ualimu wala mtaala. Sisi wa elimu tukienda mazoezi ya kufundisha tunalalamika darasa lina watoto wengi. Yule binti aliwajaza kwenye chumba cha kwao kwa hiari yake.

Mwaka 1800 aliolewa na Joseph Fry, mfanyabiashara wa chai na benki, akahamia London. Wakajaliwa watoto 11. Hapa nisimame kidogo, maana waliompinga walilishika sana jambo hili: mama wa watoto 11 anatafuta nini magerezani? Mkosoaji huyo utamkuta hata leo, kila mwanamke anapoonekana kwenye shughuli ya umma. Elizabeth aliumizwa na maneno hayo, na kwa kweli muda wake kwa watoto ulikuwa mchache kuliko alivyotaka. Lakini hakuacha.

Mwaka 1813 Quaker mmoja mzaliwa wa Ufaransa, Stephen Grellet, alitembelea gereza la Newgate katikati ya London, akatoka amefadhaika. Alikwenda moja kwa moja kwa Elizabeth kumweleza. Elizabeth akashona nguo za watoto wachanga pamoja na wenzake, akaenda kuona mwenyewe. Alikuta wanawake wapatao 300 na watoto wao wamebanwa kwenye vyumba vichache. Waliohukumiwa na waliokuwa bado wanasubiri kesi walikuwa pamoja, aliyeiba kitambaa na aliyeua, wote humo humo. Walilala sakafuni, walipika na kufua pale pale, na mwenye hela alinunua pombe. Askari wenyewe waliogopa kuingia peke yao. Wakati huo sheria za Uingereza zilikuwa na makosa zaidi ya 200 yanayoweza kumpeleka mtu kitanzini, mengi yakiwa ya wizi tu.

Miaka mitatu hivi ilipita kabla hajarudi kwa kazi ya kudumu, kwa sababu ya uzazi, magonjwa, na kifo cha binti yake mdogo mwaka 1815. Aliporudi, mwishoni mwa 1816, aliomba aachwe peke yake na wanawake wale. Hakuanza na hotuba juu ya dhambi zao. Alianza na watoto: aliwauliza akina mama kama wangependa watoto wao wasome. Hapo mioyo ikafunguka. Wakakubaliana kuanzisha shule kwenye selo moja iliyokuwa haitumiki, na mwalimu wakamchagua wao wenyewe kutoka miongoni mwao, kijana aliyeitwa Mary Connor, aliyefungwa kwa kuiba saa.

Hebu fikiri juu ya uamuzi huo. Elizabeth alikuwa na uwezo wa kuajiri mwalimu wa nje mwenye sifa nzuri. Alimkubali mwizi wa saa. Connor akafundisha vizuri kiasi kwamba wanawake wazima walijazana mlangoni wakiomba na wao waingie. Baadaye alipata msamaha, lakini alikuwa tayari mgonjwa wa kifua na hakuishi muda mrefu. Hakupata nafasi ya kufundisha mtaani. Sisi tunaosomea ualimu tunaweza kumkumbuka kama mwenzetu.

Aprili 1817 Elizabeth na wanawake wenzake kumi na kitu waliunda chama cha kuwasaidia wafungwa wanawake wa Newgate. Wakaweka msimamizi mwanamke anayelipwa, na kanuni za kukaa pamoja. Kila kanuni ilisomwa mbele ya wafungwa na wafungwa wakaipigia kura kwa kunyoosha mikono. Kisha likaja suala la kazi. Wakubwa wa gereza walicheka: wapeni vitambaa na sindano, mtaona kama hawataviiba. Elizabeth akaenda kwa wafanyabiashara wa London waliokuwa wakipeleka nguo kwenye koloni la Australia, akawaomba oda ya ushonaji kwa ajili ya watu wake. Wakakubali. Yaani alisimama dukani kwa mtu na kusema kwa vitendo kwamba kitambaa kikipotea, mniulize mimi. Huo ndio udhamini.

Mwaka 1818 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge kutoa maelezo juu ya magereza, mambo ambayo wanawake wa wakati wake hawakuyazoea kabisa. Aliwaambia wabunge kwamba wanawake wale walikuwa wameshashona karibu vipande 20,000 vya nguo. Malipo yalikuwa madogo, lakini yalikuwa yao. Na alishikilia hoja ambayo bado inafaa kubandikwa ukutani: mtu aliyekaa gerezani bila kazi wala kujifunza anatoka mbaya kuliko alivyoingia, na hasara hiyo inarudi kwa sisi tulioko nje.

Wengi wa wafungwa wale hawakuwa wanarudi mtaani kwao. Walikuwa wanasubiri kupakiwa melini na kutupwa Australia, safari ya miezi. Usiku wa kuamkia kuondoka, wanawake wa Newgate walizoea kufanya fujo, wakivunja madirisha na kuchoma vitu, halafu wanapelekwa bandarini kwenye mikokoteni ya wazi wamefungwa minyororo huku watu barabarani wakiwatupia matope na matusi. Mwaka 1818 Elizabeth alimwomba mkuu wa gereza atumie magari ya farasi yaliyofunikwa, na yeye akaahidi hakutakuwa na fujo. Hakukuwa na fujo. Alifuatana nao mpaka bandarini.

Huko melini kila mwanamke alipewa kifurushi: Biblia, aproni, sindano, nyuzi, mkasi, na mabaki ya vitambaa ya kuunga viraka. Ukitazama haraka unaweza kusema ni zawadi za akina mama wa kanisani. Tazama tena. Miezi yote ile baharini mtu alikuwa na kitu cha kufanya, na akifika alikuwa na mfarishi wa kuuza au wa kumwonyesha mwajiri kama ushahidi wa mikono yake. Mfarishi ndio ulikuwa CV. Mmoja wao upo hadi leo: ulishonwa mwaka 1841 na wanawake waliokuwa kwenye meli ya Rajah wakipelekwa Tasmania, una vipande 2,815, na umehifadhiwa kwenye jumba la taifa la sanaa mjini Canberra. Kwa miaka zaidi ya 20, chama cha Elizabeth kilishughulikia meli zaidi ya 100.

Lakini hapa ndipo nilipompenda zaidi, kwa sababu hakuridhika na kifurushi. Kasisi mmoja wa Australia, Samuel Marsden, alimwandikia kwamba wanawake wakishuka melini hawana hata pa kulala. Ili mtu apate chumba ilimbidi ajiuze. Ujuzi anao, sindano anayo, usiku unaingia na mlango hakuna. Elizabeth akaanza kuwasumbua wakubwa wa serikali London juu ya makazi ya wanawake hao, na mwaka 1821 jengo jipya la kuwapokea na kuwapa kazi likafunguliwa Parramatta. Lilikuwa na kasoro nyingi, kwani lenyewe lilikuwa nusu gereza. Ila hoja ilishakubalika kwamba hukumu ikiisha au safari ikiisha, kuna hatua nyingine, na hatua hiyo inahitaji kitanda.

Alilifanyia kazi jambo hilo hilo kwao pia. Mwaka 1822, kwa msukumo wake, ilianzishwa Westminster nyumba ndogo ya kuwapokea wanawake wanaotoka gerezani wasio na pa kwenda, wakakaa humo wakijifunza kazi za nyumbani mpaka wapate mwajiri. Mwajiri wa London ya wakati ule hakumchukua mfanyakazi wa ndani bila barua ya sifa kutoka alikotoka. Aliyetoka Newgate angeandikiwa barua na nani? Nyumba ile iliandika barua hizo. Mnaona jinsi mambo yanavyofanana na ya kwetu.

Si kwamba kila alichogusa kilifanikiwa. Mwaka huo huo wa 1818 aliosikilizwa Bungeni, alijaribu kumwokoa Harriet Skelton, mfanyakazi wa ndani aliyehukumiwa kifo kwa kupitisha noti bandia za Benki Kuu ya Uingereza. Alikwenda benki, alikwenda kwa waziri wa mambo ya ndani, Lord Sidmouth, akaishia kukosana naye. Skelton alinyongwa. Miaka mingi baadaye, kuanzia 2002 hadi 2017, benki ile ile iliweka sura ya Elizabeth Fry nyuma ya noti ya pauni tano. Sijui Skelton angesema nini.

Sheria ya magereza ya 1823 ilichukua baadhi ya mawazo yake, likiwemo la wafungwa wanawake kulindwa na wanawake. Halafu ukaja mwaka 1828, na nadhani bila mwaka huu maisha yake yangekuwa hadithi ya tajiri mwema tu.

Novemba 1828 benki ya mume wake ilifilisika. Watu walipoteza akiba zao. Quaker wa wakati ule walihesabu kufilisika kuwa aibu ya kimaadili, wakamfuta Joseph kwenye ushirika wao. Familia ikahama nyumba yao kubwa. Yakazuka maneno mjini kwamba hela za benki zilikwenda kwenye misaada ya Elizabeth kwa wafungwa, ingawa chanzo kilikuwa biashara yenyewe. Mwanamke aliyekuwa akipokelewa na wakubwa sasa alipita njiani akijua watu wananong'ona. Aliyekuwa mdhamini wa wenzake akakosa jina la kudhaminia.

Walichofanya kaka zake, akina Gurney, ni kile ambacho yeye alikuwa amewafanyia wengine: walisimama nyuma yake. Walimlipia mahitaji, wakawapatia makazi ya kawaida karibu na mmoja wao, na wakamfadhili aendelee na kazi. Akarudi magerezani. Alisafiri Ufaransa, Ujerumani na kwingineko kutoa ushauri, na mwaka 1842 mfalme wa Prussia alimtembelea Newgate kisha akala chakula nyumbani kwake. Sasa jiulize: kama asingekuwa mtoto wa Gurney je? Kama angekuwa Mary Connor? Tofauti ya aliyeinuka na aliyezama haikuwa tabia peke yake. Mmoja alikuwa na watu wa kumshika mkono.

Miaka yake ya mwisho alishuhudia serikali ikihamia kwenye mawazo mengine. Wakaguzi wapya wa magereza waliamini katika kumtenga kila mfungwa peke yake, kimya, ajitafakari. Gereza la Pentonville lilifunguliwa mwaka 1842 kwa mtindo huo. Elizabeth alipinga upweke wa namna hiyo, kwa hoja rahisi: mtu anayekwenda kuishi na watu lazima ajifunze kuishi akiwa na watu. Hakusikilizwa sana. Alifariki Ramsgate tarehe 12 Oktoba 1845.

Wapo wanaomlaumu, na wana sababu zao. Alikuwa tajiri aliyeamini kwamba maskini anyooshwe awe mtumishi mzuri wa nyumba za matajiri. Wanawake wa Newgate walishona, na faida kubwa ilibaki kwa wenye maduka. Nayakubali hayo. Lakini angalia waliomkumbuka walifanya nini baada ya kifo chake. Sanamu hawakuitanguliza. Mwaka 1849 walifungua Hackney, London, nyumba ya kuwapokea wanawake waliotoka magerezani, wakaipa jina lake. Walimwelewa vizuri.

Turudi kwetu. Magereza yetu yanafundisha ufundi, na fanicha zinazotengenezwa na wafungwa tunaziona zikiuzwa na kusifiwa. Mtaani kwetu kuna kaka mmoja aliyejifunza useremala akiwa ndani. Kitanda akikitengeneza hakilii hata ukirukia. Alipotoka alizunguka karakana nne, na kila mwenye karakana alisifia mikono yake kisha akauliza amewahi kufanya kazi wapi. Akitaja, mazungumzo yanaishia hapo. Alikuja kupata kazi siku mzee mmoja anayeheshimika aliposema mbele ya fundi mkuu kwamba huyu kijana namjua, akiharibu njoo kwangu. Maneno hayo machache yalifanya kazi ambayo miaka ya useremala haikuweza kuifanya.

Kwa hiyo, wanachuo wenzangu, msamaha wa 9 Desemba unafungua geti la gereza, ila mageti ya karakana, maduka na nyumba za kupanga yanafunguliwa na watu wa kawaida. Na sisi ndio tunakwenda kuwa watu hao. Miaka michache ijayo mmoja wetu atakuwa afisa utumishi, mwingine mtendaji wa kata, wengine mimi nikiwemo tutakuwa walimu katika vijiji ambako sahihi ya mwalimu inaheshimika. Darasani tutakuwa na watoto ambao baba zao wako ndani, na siku moja baba atatoka, atakuja ofisini amevua kofia, anaomba kaandikiwe kabarua.

Si kila mmoja utaweza kumwandikia. Elizabeth mwenyewe hakudhamini kwa macho yaliyofumbwa: aliwajua watu wake kwa majina, alikaa nao, aliwaona wakifanya kazi. Ndiyo maana aliweza kusema nawajua. Basi tuanze na hilo. Mtu akirudi mtaani, mpe kazi ndogo uone mikono yake, kaa naye, mjue. Akija siku hiyo na karatasi yake, uwe na la kuandika.